Kijana wa ziwani kusomea uhifadhi katika chuo cha pwani: elimu ya bahari itanifaa nikirudi Mwanza?

Kijana wa Igombe ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu wote ninawasalimu.

Nimemaliza kidato cha sita kwa masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Nimezaliwa na kukulia Igombe, hapa Mwanza, katika nyumba ambayo ada zote zimetokana na dagaa: baba alikuwa na mtumbwi wa karabai, na mama mpaka leo hununua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, alfajiri, akawaanika na kuwauza. Bibi yangu alikuwa na desturi ya kututajia samaki wa utoto wake, ngege na ningu na furu wa rangi nyingi aliowatofautisha kwa majina ya Kikerewe, nasi wajukuu tulimsikiliza kama watu wanaosimuliwa habari za nchi ya mbali, ilhali alikuwa akizungumzia maji yaliyo mbele ya nyumba. Hapo ndipo ilipoanzia hamu yangu ya kusomea sayansi ya viumbe na uhifadhi.

Nimeangalia kozi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mbili zimenivuta: ile ya sayansi za majini na uvuvi, na ile ya sayansi ya wanyamapori na uhifadhi. Tatizo ni kwamba nyumbani hatujaelewana. Mama ameniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Unayaacha maji ya kwenu, unakwenda kuyasomea maji ya watu?" Mjomba naye anasema vyuo viko hapa hapa mjini, Nyegezi kwa uvuvi na Pasiansi kwa wanyamapori, na kwamba kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 ni kuitafuta gharama.

Ninaomba mnisaidie kwa haya. Je, aliyefundishwa matumbawe, mikoko na maji ya chumvi anaweza kweli kulifaa ziwa la maji baridi? Kati ya kozi hizo mbili, ipi inamfaa mtu anayekusudia kurudi huku? Tena niseme ukweli wangu: ingawa nimekulia ufukweni, siwezi kuogelea, na ninaogopa kwamba hilo peke yake linaweza kunikwamisha. Nitashukuru zaidi kwa majibu ya watu waliopita njia hiyo wenyewe.

Mstaafu wa Nyegezi amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya uvuvi na utafiti katika kanda hii tangu miaka ya 1970 mpaka nilipostaafu, na masomo yangu niliyapata pwani, kwa hiyo swali la mama yako nilikwisha kuulizwa na mama yangu kabla hujazaliwa. Wakati ule sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Nilitoka Mwanza nikiwa nimeyaona maji maisha yangu yote, lakini sakafu ya maji sikuwa nimeiona hata siku moja. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho. Kina chake hupanda na kushuka kwa mvua na kwa miaka, kama kilivyopanda kwa zaidi ya mita 2 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kama kilivyowafukuza watu majumbani mwaka 2020, lakini halijifunui. Ukitaka kujua kilicho chini huna budi kuteremsha wavu au chombo cha kuchota tope, halafu ukisie. Bahari ya Hindi inajifunua mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa katika pwani ya Dar es Salaam na Unguja hukaribia mita 4, na pale Kunduchi, ambako chuo kina kituo chake cha viumbe wa baharini, unatembea kwa miguu mahali ambapo asubuhi palikuwa panapita ngalawa.

Tulikuwa tunatandika kamba kutoka kwenye mikoko kuelekea majini, na kila baada ya hatua kadhaa tunaweka fremu ya mraba juu ya mchanga au mwamba, kisha tunahesabu kila kilichomo: konokono, kaa, kome, majani ya bahari, hata matundu ya minyoo. Unafanya hivyo huku umeinama, jua linakuunguza mgongo, na maji yanarudi kwa saa yake wala hayakungoji umalize. Mwishoni mwa wiki ya kwanza nilianza kuona jambo ambalo vitabu vilikuwa vimenieleza bila kunishawishi: kila kiumbe kina mahali pake, na mahali hapo pana sababu. Huyu anavumilia kukauka kwa saa sita, yule hawezi hata saa moja. Huyu anahitaji tope, yule anahitaji mwamba na mawimbi. Ukiwapanga kwenye karatasi, wanakaa kwa mistari sambamba na ufuko, utadhani wamepangwa na mtu.

Niliporudi ziwani niliyatazama mawe ya Mwanza kwa jicho hilo. Mawe haya tunayopiga nayo picha yana watu wake chini ya maji, na watu hao nao wamepangana.

Sasa nikueleze kwa nini ninaisisitiza kazi ya kuhesabu, maana vijana wengi huja kwenye uhifadhi wakiwa na mapenzi ya wanyama tu. Sangara aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960. Kwa muda mrefu hakuonekana sana, kisha katika miaka ya 1980 akalijaza ziwa, na furu wakapotea mbele ya macho yetu. Wataalamu wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Lakini jiulize, tulijuaje? Tulijua kwa sababu watu walikuwa wamehesabu kabla. Uchunguzi wa nyavu za kukokota wa mwaka 1969 hadi 1971 ulionyesha kwamba furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa, na kuanzia mwaka 1977 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, wakishirikiana na Watanzania, walikuwa wakivua na kuorodhesha furu katika Ghuba ya Mwanza mwaka hadi mwaka. Bila madaftari hayo tungebaki na masimulizi ya bibi yako, ambayo ni ya kweli kabisa, lakini hakuna kikao cha sheria kitakachoyapokea.

Kwa hiyo mwambie mama kwamba huendi kuyasomea maji ya watu. Unakwenda mahali ambapo maji yanakubali kufunuliwa, ujifunze kuyasoma, kisha uje uyasome haya ambayo yamejifunika.

Binti wa Ukerewe amejibu:

Nimesoma maneno ya Mzee nikakumbuka fremu zile za mraba. Mdogo wangu, mimi nimemaliza kozi hiyo ya kwanza uliyoitaja si miaka mingi iliyopita, na sasa ninafanya kazi ya kupima ubora wa maji hapa Mwanza. Nitakujibu pale ambapo Mzee amepaacha.

Kuhusu chumvi na maji baridi, usihofu. Mambo unayofundishwa ni yale yale kwa msingi wake: mwanga unafika kina gani, hewa ya oksijeni inatoka wapi na inaliwa na nani, virutubisho vinaingiaje, nani anamla nani, na samaki wakivuliwa kwa kasi fulani watazaliana upesi kiasi gani. Nikupe mfano mmoja wa hapa kwetu ambao nilikwenda kuusikia darasani pwani, nikaona aibu kwamba sikuujua.

Katika miamba ya visiwa vya Ghuba ya Mwanza kuna furu wawili wanaofanana sana kwa umbo. Mmoja anaitwa Pundamilia pundamilia, na dume lake lina rangi ya samawati na kijivu. Mwingine, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere mwaka 1985, dume lake lina wekundu mgongoni na manjano ubavuni. Yule wa samawati hukaa karibu na uso wa maji, yule mwekundu hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaobaki ni wa rangi nyekundu na chungwa. Majike huchagua dume kwa rangi, na ndiyo maana aina hizo mbili hubaki mbili. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba mahali ambapo maji yamechafuka na mwanga hauingii, jike haoni tofauti, aina hizo zinachanganyika, na wingi wa aina unapungua bila wavu wowote kutupwa. Hebu fikiria maana yake. Udongo unaomomonyoka kutoka mashambani, maji taka yanayoteremka na Mto Mirongo katikati ya jiji, mbolea, vyote hivyo vinaweza kuliondolea ziwa aina ya samaki ambayo hakuna mvuvi aliyeigusa.

Tangu nilipoelewa hilo, ninapoteremsha sahani ya Secchi, ile nyeupe na nyeusi ya kupimia uangavu wa maji, sioni kwamba ninapima uchafu peke yake. Ninapima umbali ambao jike wa furu anaweza kumwona mwenzake.

Kadhalika upepo. Wapwani watakufundisha kusi na kaskazi, jinsi bahari inavyobadilika kwa misimu hiyo miwili. Huku kwetu, pepo za kusini-mashariki za Juni na Julai ndizo zinazolivuruga ziwa kutoka juu hadi chini na kuipeleka hewa kwenye kina. Miezi mingine maji hujitenga kwa tabaka, na tabaka la chini hukosa oksijeni. Mtu anayeweka vizimba vya sato bila kulijua hilo anaweza kuamka asubuhi na kukuta samaki wake wote wanaelea.

Tahadhari ndogo ya lugha, kwa sababu ilinisumbua. Ukifika pwani utasikia majina unayoyajua yakiwa na maana usizozijua. Dagaa wa baharini si dagaa wa mama yako. Dagaa wetu wa Ziwa Victoria ni wa kundi moja na ningu, wakati dagaa wa Ziwa Tanganyika, wale wa Kigoma, wana undugu na dagaa wa baharini kuliko walivyo na undugu na wetu. Yule tunayemwita sato, wapwani watakuambia ni perege, ingawa perege wa mito ya pwani ni aina nyingine ya jamii hiyo. Mpaka leo ninaamini kwamba hapo ndipo nilipokubali umuhimu wa majina ya Kilatini, ambayo mwanzoni niliyakariri kwa kuyachukia.

Kuhusu kozi ipi, ushauri wangu ni sayansi za majini. Ile ya wanyamapori ni nzuri, na kama moyo wako uko Serengeti au Rubondo basi ifuate, lakini ulichokiandika kwenye swali lako hakimtaji hata mnyama mmoja wa nchi kavu.

Kuogelea utajifunza. Nilifika pwani nikiwa sijui, na tulikuwa wengi kutoka bara. Anza huku kabla hujaondoka, katika bwawa la kuogelea lenye mwalimu, wala usijifundishe peke yako ziwani. Somo litakalokusumbua kweli ni takwimu. Jifunze mapema kutumia programu ya R, ambayo hupatikana bure, kwa maana karibu kila ulichohesabu kwenye fremu kitaishia humo, na mwanafunzi asiyeweza kukichambua huishia kuwabebea wenzake ndoo.

Mwaloni Kirumba amejibu:

Kijana, pokea na maoni ya upande wa pili, kwa nia njema. Mimi si msomi wa shahada. Ninanunua na kuuza samaki, na nimekuwa katika uongozi wa kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi cha mwalo wetu, hivi vinavyoitwa BMU.

Waliotangulia wamesema vizuri, lakini hawajasema kuhusu kazi. Nimewaona vijana wakirudi na shahada zao kutoka mbali, wakakaa nyumbani miaka miwili, mitatu, huku wenzao waliosoma stashahada pale kampasi ya Nyegezi ya FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, wakiwa wanasimamia vizimba vya samaki, wanatengeneza vifaranga, au wamepata kazi katika viwanda vya minofu. Sababu si kwamba wa shahada ni wajinga. Sababu ni kwamba wengine hawakuwahi kushona wavu, hawajui kuendesha injini ya mtumbwi, na ukimpa sangara hawezi kukuambia kwa macho kama amefika sentimita 50 zinazoruhusiwa au hajafika.

Nasema tena kitu ambacho wasomi hawapendi kukisikia. Mtu akija mwaloni na maneno ya uhifadhi, swali la kwanza analoulizwa na wavuvi ni kama amekuja kuwachomea makokoro, zile nyavu haramu za kukokota. Wamezoea kwamba mwenye elimu ni mwenye adhabu. Kijana aliyekaa nao, akasoma karibu nao, akaenda nao usiku kuvua dagaa, huyo atasikilizwa. Nenda Nyegezi kwanza upate stashahada, ufaulu vizuri, kisha ukitaka shahada utaingia nayo ukiwa na mikono inayojua kazi. Mjomba wako hajakosea.

Binti wa Ukerewe amejibu:

Kaka wa Kirumba, ninakubaliana nawe kuhusu mikono, na ninakiri kwamba nilihitimu nikiwa sijawahi kulala majini na wavuvi hata usiku mmoja. Nililazimika kujifunza hilo baadaye, na walionifundisha ni wanaume wa umri wa baba yangu, kwa uvumilivu mkubwa. Njia ya stashahada ni njia halali, na aliyeipata kwa wastani wa alama usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada.

Lakini huyu tayari ana kidato cha sita cha sayansi, na anachokitamani ni kujua kwa nini ningu wa bibi yake hawapo. Swali hilo ni la utafiti. Ningu hupanda mitoni kutaga wakati wa mafuriko, na walipotegewa nyavu kwenye midomo ya mito walikamatwa kabla hawajataga, kizazi baada ya kizazi. Kulijua hilo kwa uhakika, na kujua kama wanaweza kurudi, kunadai shahada na pengine zaidi ya shahada. Nisingependa aambiwe kwamba elimu hiyo ni ya watu wa pwani na yeye inamtosha ile ya kusimamia vizimba.

Jirani wa Kisumu amejibu:

Salamu kutoka ng'ambo ya kaskazini ya ziwa letu. Huku sangara tunamwita mbuta na dagaa ni omena, lakini masikitiko kuhusu furu ni yale yale.

Mimi nilitoka Kisumu nikaenda kusomea sayansi ya mazingira katika Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Sitaki kumshawishi kijana avuke mpaka, ila ningependa kumweleza kitu ambacho pwani ilinipa, ambacho pengine kinamjibu ndugu wa Kirumba kuhusu wavuvi na adhabu.

Karibu na Kilifi upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, na ndani yake wamo ndege na wanyama wachache sana duniani, akiwemo sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Watu waishio kando ya msitu huo walikuwa na kila sababu ya kuuchukia, kwa kuwa tembo na nyani walikuwa wakiyaharibu mashamba yao. Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede, ambapo wakulima hufuga viwavi wa vipepeo wa msituni na wakishageuka bundo, kabla hawajawa vipepeo, huuzwa ng'ambo kwa maonyesho. Nilipelekwa huko nikiwa mwaka wa pili, nikakaa na mama mmoja aliyekuwa akiwafuga, akanieleza ni mti upi kila kiwavi anaula, jambo ambalo mhadhiri wetu alikuwa ameliandika ubaoni kwa dakika 40 na sikulielewa. Kule Gazi, kusini mwa Mombasa, wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na mapato yanaingia katika maji ya kijiji na shule.

Ninasema haya kwa sababu katika pwani ya Afrika Mashariki uhifadhi na watu vimekwisha kujaribiwa kwa njia nyingi, zilizofaulu na zilizoshindwa, na mwanafunzi anaweza kuziona kwa basi la saa chache. Kwenu Tanzania kuna Hifadhi ya Bahari ya Mafia tangu 1995, ambamo vijiji vimo ndani ya mipaka ya hifadhi na wavuvi wanaendelea kuvua katika maeneo yaliyokubaliwa. Kuna sehemu za pwani ambako wanakijiji wenyewe hufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha wakaufungua kwa pamoja, na siku hiyo kila mmoja anaona kwa macho yake faida ya kungoja. Mwanafunzi wa ziwani akiyaona hayo, arudi akaulize kwa wavuvi wa dagaa au wa sato: kwetu kitu kama hiki kingekuwaje? Pweza hukua upesi sana, ndiyo maana miezi michache inatosha. Sangara je? Swali la aina hiyo linahitaji baiolojia na linahitaji vilevile mtu anayekubalika mwaloni.

Kijana wa Igombe amejibu:

Ninawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nimemsomea mama majibu haya jana jioni, tukiwa tumekaa penye chanja za dagaa. Aliposikia habari za jike wa furu asiyemwona mwenzake kwa sababu ya maji machafu, alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba walipokuwa wasichana walikuwa wakiona mawe yaliyo chini ya miguu yao wakati wa kuchota maji, na kwamba hakuwahi kuwaza kuwa kuna kiumbe mwingine aliyeumia kwa kutoyaona. Hakuniuliza tena kuhusu maji ya watu.

Nimeamua kuomba kozi ya sayansi za majini na uvuvi. Nitaiandika Nyegezi kama njia ya pili, kwa sababu maneno ya kaka wa Kirumba yamenigusa, na mjomba ameridhika kwa hilo. Yamebaki maswali mawili. La kwanza ni la fedha: je, mkopo wa Bodi unagusa gharama za mafunzo kwa vitendo, au nijiandae peke yangu? La pili, nifanye nini katika miezi hii ya kusubiri, ili nisifike pale nikiwa mtupu?

Binti wa Ukerewe amejibu:

Bodi ya Mikopo ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo, pamoja na vile vya ada, chakula na malazi, na vitabu, lakini kiasi hutegemea hali ya familia kama ulivyoithibitisha. Jaza fomu kwa makini, na uhakiki wa cheti cha kuzaliwa ufanye sasa, usingoje dirisha lifunguliwe. Fedha huweza kuchelewa, na safari za bamvua hazisogezwi mbele kwa ajili ya mtu, kwa hiyo weka akiba kidogo kwa wiki za mwanzo. Nunua viatu vya mpira vyenye soli ngumu kabla hujaenda. Mwamba na matumbawe hukata mguu kwa namna ambayo mchanga wa Igombe haujakuzoesha.

Mwaloni Kirumba amejibu:

Kijana, njoo mwaloni. Nitakutafutia nahodha wa dagaa anayeaminika, uende naye katika giza la mwezi, ukiwa umevaa jaketi la kuokolea maisha, maana umesema huogelei. Safari tatu au nne zitatosha kukuonyesha kazi ilivyo. Usije na kalamu siku ya kwanza.

Mstaafu wa Nyegezi amejibu:

Siku ya kwanza asije nayo, nakubali. Ya pili aje nayo.

Mwanangu, tafuta daftari lenye jalada gumu na rula ya kupimia samaki. Hata ubao wenye alama za sentimita unatosha. Kila siku utakayokwenda mwaloni na mama, pima dagaa 50 waliochukuliwa bila kuchaguliwa kutoka kwenye ndoo moja, kuanzia ncha ya mdomo hadi penye mwanzo wa mkia, uandike tarehe, umbo la mwezi, mahali walipovuliwa na matundu ya wavu. Ukiwaona wenye mayai, waandike. Usiwaache wale wadogo kwa kuwa ni wadogo. Fanya hivyo mpaka siku utakayopanda basi, na kabla ya kuondoka mkabidhi mama daftari la pili na umwonyeshe namna ya kuendelea, maana yeye yuko pale kila alfajiri kuliko mtafiti yeyote niliyewahi kufanya kazi naye.

Ukifika Kunduchi utaviona visiwa vya Mbudya na Bongoyo mbele yako. Niandikie hapa siku utakayouona mwamba umefunuka kwa mara ya kwanza.